Chupa ni Yangu

Baba yangu, Jinpachi, alinirithisha vitu vitatu:
goti bovu, kitambaa cha kufungia matenga,
na daftari lenye majina ya nyumba mia mbili na kumi na nne.
Shamba hakuacha. "Shamba ni hili," alisema,
akiligonga jalada kwa kidole kisicho na ukucha.

Kazi yetu sisi wa Toyama ni kuacha.
Unapanda mlima, unavua viatu,
unaweka sanduku jekundu karibu na meko:
vidonge vya nyongo ya dubu kwa wenye tumbo,
unga wa homa, plasta za mgongo,
dawa ya mtoto anayelia usiku.
Hudai hata senti. Unasema, "Tumieni kwanza,"
unainama, unakwenda zako.
Mwaka ukizunguka unarudi, unahesabu kilichopungua.
Hicho ndicho unacholipwa. Kilichobaki hakina deni.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukarimu.
Kutoa ni moyo, si ndivyo?
Baba alicheka mpaka akashika mbavu.
"Kutoa ni hesabu. Wenye maduka humsubiri mgonjwa mjini.
Sisi tunaingia nyumbani kabla ya ugonjwa
na tunaungoja humo humo, pembeni, kimya."

Na puto. Nisisahau puto.
La karatasi, la rangi nne, hukunjwa likawa bapa kama jani.
Halina bei, halimo daftarini.
Mtoto akishalipuliza,
mama hana tena uso wa kukufukuza.
"Ndoana isiyo na ncha," Baba aliliita.

Mwaka ule theluji iliwahi.
Nilipanda Amakubo na kikohozi cha wiki mbili.
Mwaka uliotangulia nilihesabu moshi wa nyumba kumi na moja;
sasa saba.
Watu wamehamia Nagoya, viwandani,
na masanduku yangu nikayakuta barazani,
yamefungwa kamba, kwa adabu,
kama viatu vya marehemu.

Bi Sugie Wakida alikuwapo.
Nikafungua sanduku lake: hakuna kilichoguswa, mwaka wa nne huo.
Nikatoa dawa zilizochakaa, nikaweka mpya,
nikaandika sifuri.
Alinitazama nikikohoa juu ya sifuri yangu.
Akachomoa pakiti ya unga wa homa,
akachemsha maji, akaninywesha bila kuniuliza.

"Andika," akasema.
"Niandike nini?"
"Nyumba ya Wakida, pakiti moja, imetumika."
"Aliyeitumia ni mimi, bibi."
"Na nyumba ni ya nani?"

Hilo Baba hakunifundisha.
Akanilipa yeni thelathini, sarafu za baridi,
akazihesabu mara mbili nisije nikamwonea huruma.

Kwa aibu nikatoa puto.
Akavuta droo. Humo yalilala mengine kumi na tisa,
bapa, yamepangwa mwaka juu ya mwaka,
ya chini kabisa yamefifia hata rangi huijui.
"Tulikuwa tunamngoja mtoto," akasema.
"Baba yako aliacha moja kila alipokuja.
Hakuwahi kuniuliza mtoto yuko wapi."
Akaliweka langu juu ya yale, akasukuma droo.

Nimelipekua daftari zima, ukurasa kwa ukurasa.
Jina la Wakida lipo. Kuhusu puto, Baba hakuandika neno.
Kama ilikuwa hesabu, sijui aliiweka wapi.

Mlangoni, viatu nimeshavaa,
akanitia mkononi chupa ya achari ya figili nyekundu.
Nikauliza bei.
"Achari ni bure," akasema. "Chupa ni yangu."

Nilishuka nimeikumbatia ndani ya koti,
mimi, mtoto wa Jinpachi, niliyeijua ndoana hiyo
tangu sijaota meno.
Figili ziliisha kabla treni haijafika Toyama.

Chupa nimeiosha. Iko rafuni, karibu na daftari,
pembeni, kimya.
Njia ya Amakubo hufunguka mwezi wa nne.